Nahodha Aliyesema Salama

Baada ya kustaafu, mtu wa kwanza kuniuliza nilikuwa nafanya kazi gani ni kinyozi. Nikamwambia nilikuwa nasikiliza meli. Akasimamisha mashine juu ya kichwa changu, upande nywele upande kipara, akaniuliza, "Kwani mzee, meli zinaongea?"

"Zinaongea," nikamwambia. "Na zikinyamaza ndipo kazi inapoanza. Malizia upande wa pili."

Nyie mnaoingia sasa kwenye vyumba vya redio, na vyeti vyenu na simu zenu mbili mbili, nawaandikia haya ili mjue kwamba kazi hiyo ni ya woga. Mtu asiwadanganye. Watawaambia ni kazi ya kukaa kwenye kiti, kunywa chai na kutazama bahari dirishani. Kiti kipo, chai ipo, bahari ipo. Lakini mimi nimekaa kwenye kile kiti hadi nywele zikaota mvi, na sikumbuki siku niliyoegemea.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Ukanda wetu huu, kuanzia kule Lindi kupita Kiswere hadi visiwa vya Kilwa na kwenda mbele, una matumbawe na mikoko ambamo samaki huzaa na kulelea. Meli yenye mzigo wa kudhuru, hasa mafuta, hairuhusiwi kujipitia tu kama mtu anayekatiza uwanja wa mpira. Ikifika kwenye mstari uliochorwa ramanini, lazima iite kituo na kusema: mimi fulani, niko mahali hapa, naelekea kule, nimebeba hiki, nina watu kadhaa, na hali ya chombo ni hii. Kisha iendelee kusema iko wapi, kila baada ya muda, hadi itoke upande wa pili. Si ombi, ni sheria. Sisi tulikuwa watu wa kupokea maneno hayo na kuyaweka kwenye ramani.

Sasa mchekeni aliyepewa ulinzi huo. Mimi ni mtoto wa Kilwa Masoko niliyemaliza kidato cha nne na kuogopa kila kitu kinachotikisika. Kuogelea sijui. Ukinivusha kwa boti kwenda Kilwa Kisiwani, safari ambayo hata muhogo wa kuchoma haujaisha mkononi, mimi nimeshatapika. Siku ya harusi yangu nilivuka nikiwa nimelala chini, ndani ya boti, uso kwenye mbao. Wakwe zangu wakadhani naomba dua. Hadi leo wananiheshimu kwa ucha Mungu ule, na mimi sijawasahihisha.

Mkubwa wangu wa kazi, Bi. Salome, naye hakuwa bora. Alizaliwa Mtama, kwenye mikorosho, na bahari aliiona kwa mara ya kwanza akiwa msichana mkubwa. Yeye Mmwera, mimi Mmachinga, basi utani wetu ulikuwa hauna kufuli. Alikuwa akiniambia, "Wewe mtu wa pwani gani unaogopa beseni?" Nami namjibu, "Afadhali mimi naliogopa beseni, kwenu Mtama hata la kuliogopa hamna." Ndio watu wawili hao waliokuwa wakiiambia meli kubwa kuliko soko zima la Masoko ipite wapi.

Lakini kazi aliijua, na alinifundisha kwa ukali. Asubuhi kunywa uji, usinywe chai nyingi, maana chai itakuinua kitini kwenda chooni wakati meli inaita. Namba ukiambiwa, irudie kwa sauti, mwenzako aisikie, ndipo uiandike. Penseli iwe na ncha. Na usiamini skrini peke yake.

Hapo kwenye skrini nikae kidogo. Nilipoanza hatukuwa nayo. Tulikuwa na ramani ya karatasi mezani, rula na penseli, na redio kol iliyokoroma kama mtu mwenye mafua. Kisha wakatuletea skrini inayoonyesha meli kama vipembe, yaani pembetatu ndogo, vinavyotembea vyenyewe, kila kimoja na jina lake. Tukafurahi mno. Kijana aliyekuja kuifunga akasema karatasi sasa mnaweza kufungia maandazi. Bi. Salome akamshukuru, akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi na kuichonga penseli yake. Meli ndogo zikikatikiwa umeme kipembe kinapotea, na wakati mwingine kinapotea tu bila sababu, kisha kinarudi. Ukizoea kuona vitu vikipotea na kurudi, siku kikipotea kweli hutashtuka. Hilo liwakae kichwani.

Jambo la pili ni sisi wenyewe na salamu zetu. Meli za wageni zilikuwa rahisi. Nahodha wa nje anakutajia namba kama anazitema, ova, kwisha. Kazi ilikuwa kwa manahodha wetu. Mtu wa kwetu hata nyumba ikiungua, ukimuuliza habari za nyumbani anakwambia nzuri. Habari za watoto? Wazima. Habari za mzee? Mzuri tu, ila ametutoka alfajiri. Ndivyo tulivyolelewa. Ubaya hauwekwi mlangoni, unatangulizwa wema kwanza, kisha inakuja ile "ila". Barazani ni adabu nzuri. Kwenye redio, ambako maneno yanakatika katikati, ni adabu ya kuua watu.

Na ilikaribia kuua siku ninayotaka kuwasimulia.

Ilikuwa siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji yamekupwa hadi mwamba wa nje, upande wa mashariki wa Kilwa Kisiwani, umebaki mtupu. Siku kama hiyo kina mama wanashuka na fimbo zao kuchokoa pweza mashimoni. Mke wangu, Mwanahawa, ni mzaliwa wa kisiwa kile, na kuhamia kwangu Masoko hakukumtoa mwambani. Aliondoka mapema kwenda kuungana na dada zake. Aliniaga kwa maneno yake ya kawaida: "Baba Zena, wali uko kwenye sufuria. Usiogope, hauna maji."

Kazini Bi. Salome ndiye aliyeshika redio, mimi niko mezani na ramani. Akaita Mzee Bakari. Huyu alikuwa nahodha wa Lindi, mtu mzima, sauti yake ya taratibu kama anasoma hitima. Aliendesha kimeli kikuukuu cha mafuta, kilichojaa dizeli ya kupeleka Mafia.

"Kituo, kituo. Asalaam alaykum. Ova."

"Waalaykum salaam, mzee wangu, shikamoo. Ova," akajibu Bi. Salome, Mkatoliki wa Mtama, ambaye kwa salamu hakuwahi kushindwa na mtu.

"Marahaba, mama. Habari za huko?"

"Nzuri. Taja mahali ulipo, mzee."

Akataja, nikaandika. Alikuwa nje mbali, kusini-mashariki ya visiwa, mahali pake hasa.

"Hali ya chombo?"

"Salama, mama. Alhamdulillah…"

Hapo hapo ikaingia meli kubwa ya mgeni. Redio ya meli kubwa ina nguvu, ikiongea inamfunika mdogo kama lori linavyomfunika mtu wa baiskeli kwa vumbi. Mgeni akatema namba zake, Bi. Salome akazirudia, nami nikaziweka ramanini. Alipomaliza, Mzee Bakari alikuwa kimya. Tukajua amemaliza. Ameshasema salama, tunataka nini tena?

Kipembe chake kwenye skrini kikapotea. Nikaipiga skrini kibao kidogo cha ubavuni, kama tulivyozoea. Hakikurudi. Tukaendelea na mambo mengine.

Ulipofika wakati wake wa kuripoti tena, akaita, sauti ile ile, na salamu zake zote. Akataja mahali. Nikairudia namba, nikaiweka alama, nikachukua rula niunganishe alama mbili. Mstari haukwenda kaskazini. Ulielekea kaskazini-magharibi, mfupi, umelala upande. Nikafuta, nikachora upya, nikidhani ni mkono wangu. Ukalala vile vile. Nikaweka rula niurefushe mbele nione unaishia wapi, ukaishia kwenye mwamba wa nje wa Kisiwani.

"Mtani," nikasema, "huyu mzee anatembea kama kaa."

Bi. Salome akaja kusimama nyuma yangu. Alitazama ramani muda ambao haukuhitajika, maana jibu lilikuwa hapo waziwazi. Akarudi kwenye redio.

"Mzee Bakari, injini yako inasemaje? Ova."

"Mama, sisi tu salama. Vijana wazima wote, maji ya kunywa yapo, chakula kipo. Ila injini imezima tangu nilipokuita mara ya kwanza. Na umeme umekwenda nayo. Nakuita kwa betri, na mahali napasoma kwenye GPS ya mkononi."

"Mbona hukusema, mzee?"

"Nilikuwa nakuja huko, mama. Akaingia yule mgeni. Nikaona nisimkatize."

Hata sikuweza kumkasirikia. Nami ningesubiri mgeni amalize. Kusi lilikuwa linavuma, si kali, lile la kawaida la kukausha nguo. Lilitosha kukisukuma kimeli chenye tumbo la dizeli kuja moja kwa moja kwenye mwamba ambao mke wangu alikuwa ameinama juu yake akichungulia mashimo.

Bi. Salome akaanza kutafuta chombo cha kwenda kukivuta. Boti yenye nguvu ilikuwa upande wa Songo Songo, ikakubali kuja, lakini tulipopiga hesabu ya mwendo wake na mwendo wa Mzee Bakari, boti ilishindwa. Mwamba ulikuwa karibu zaidi.

Nikampigia mke wangu simu. Nilijua haipokelewi, maana simu yake huiacha nyumbani kwa dada yake isije ikaloa. Ikaita hadi ikakata. Nikampigia shemeji yangu Athumani, yuko kisiwani hapo hapo.

"Athumani, nenda mwambani ukawatoe wanawake. Kuna meli ya mafuta inaserereka kwenda pale."

"Shemeji, umeshaanza? Juzi uliona mawingu ukasema dunia imekwisha."

"Athumani."

Nadhani aliisikia sauti yangu. Hakuongeza utani. Nikasikia kandambili zake zikianza kukimbia, kisha simu ikakata. Lakini kutoka kijijini hadi mwamba wa nje kwa miguu ni mbali, na sehemu kubwa ni mawe na maji ya magotini. Naye na mimi tulijua dada zake wasivyoondoka shimoni wakishamwona pweza.

Ikabaki nanga.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndiyo kazi yenyewe. Nje ya mwamba ule bahari ina kina cha kutisha, imeshuka kama ukuta. Lakini kabla ya ukuta kuna kipande chembamba, kama kizingiti, ambapo kina kinapungua na chini kuna mchanga. Nanga ikitupwa hapo inaweza kushika. Kipimo cha kina cha Mzee Bakari kilizima pamoja na umeme, kwa hiyo kizingiti hakioni. Sisi tulikiona, kwenye karatasi. Na breki ya mnyororo wake, alivyotuambia, ilikuwa imechoka. Akiachia nanga kwenye kina kirefu, mnyororo wote utakimbia nayo na kukatika. Nanga nyingine ilikuwa imeganda kwa kutu. Kwa hiyo anaachia mara moja tu. Mapema, amepoteza nanga. Akichelewa, yuko juu ya matumbawe, tumbo limepasuka.

Bi. Salome akamweleza. Mzee Bakari akasikiliza, akasema, "Lakini mama, pale mmetukataza kutia nanga. Mnasema tunavunja matumbawe. Kuna faini."

"Leo nimekuruhusu mimi. Ukiulizwa, taja jina langu lote na la baba yangu."

"Haya, mama. Nasubiri neno lenu."

Bi. Salome akaniangalia. "Wewe ndiye mwenye ramani. Yeye atataja, wewe utaweka, utaniambia lini."

"Bi mkubwa, Mwanahawa yuko pale."

"Najua. Ndiyo maana mkono wako hautakosea."

 Nikaishika penseli kwa mikono yote miwili kama mtoto wa chekechea. Mzee Bakari akataja mahali. Nikaweka alama. Nje ya kizingiti.

"Bado," nikasema.

"Bado, mzee," akasema Bi. Salome redioni.

Akataja tena. Alama ikasogea. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinasema mwambie aachie, aachie sasa hivi, mke wangu yuko pale. Ningesema sasa hivi, wangeachia, na mimi ningepumua kidogo. Kisha mnyororo ungekatika na kimeli kingeendelea kuja, mara hii bila kitu cha kukizuia. Ramani ilisema bado.

"Bado."

Sijui kama mmewahi kusema neno na kutamani lirudi mdomoni. Akataja mara ya tatu. Ilikuwa ukingoni, upana wa ncha ya penseli. Ndiyo maana nawaambia penseli ichongwe. Nikainama hadi pua ikagusa karatasi.

"Bado kidogo."

Sauti ya Mzee Bakari haikubadilika, lakini nyuma yake sasa nilisikia kitu kingine, kama upepo kwenye turubai. Nikatambua ni mawimbi yanapovunjika mwambani. Yalikuwa yanaingia chumbani kwetu kupitia redio.

Akataja. Nikaweka. Ndani.

"Aachie."

"Achia, mzee. Achia."

Redio ikanyamaza.  Bi. Salome alikuwa ameshika rozari yake ndogo mkono mmoja na kipaza sauti mkono mwingine, na mimi nilijaribu kusoma Ayatul Kursi ikanipotea katikati, mimi ninayeisoma tangu madrasa.

"Imekwenda," akasema Mzee Bakari. "Mnyororo umesimama. Ila tunaburura."

"Taja mahali."

Akataja. Amesogea. Akataja tena. Amesogea, lakini kidogo. Akataja tena. Namba zile zile. Nikamwomba arudie. Zile zile. Nikamwomba tena, hadi Bi. Salome akanigusa bega. Zile zile kabisa. Sijawahi kusikia maneno matamu kuliko namba zisizobadilika.

"Kituo," akasema Mzee Bakari, "tumeshika. Mwamba uko nyuma yetu, ukirusha embe linafika. Na kuna kina mama pale juu. Wanatupungia mikono."

Nikamnyang'anya mkubwa wangu kipaza sauti. Kosa la nidhamu, msiige.

"Mzee, shikamoo. Kuna mmoja ana kilemba cha njano?"

"Marahaba. Yupo. Ndiye anayepunga kuliko wote. Nadhani anadhani tunamsalimia."

"Anafanya nini sasa?"

"Kuna mwanaume amefika, anapiga kelele. Wanabishana naye. Sasa wanaondoka. Yule wa njano ndiye wa mwisho, amerudi kuchukua ndoo."

"Nitajie wako wapi, mzee. Kila wakisogea, nitajie. Ova."

Akanitajia. Nahodha mwenye meli ya dizeli inayoning'inia kwenye mnyororo mmoja alisimama akanitajia kilemba cha mke wangu hatua kwa hatua, wamefika kwenye maji ya magoti, wamefika kwenye mchanga, hadi akasema hawaoni tena, wameingia kwenye mikoko. Boti kutoka Songo Songo ikaja maji yakiwa yamejaa, ikakivuta kimeli nje. Dizeli haikumwagika.

Mwanahawa hakwenda nyumbani. Alivuka akaja moja kwa moja kituoni kwetu Masoko, kanga imeloa, ndoo mkononi, amekasirika.

"Baba Zena, wewe ndiye uliyemtuma Athumani aje kunipigia kelele mbele ya watu? Nilikuwa nimeshamwona pweza mkubwa."

 Bi. Salome ndiye aliyemsimulia, na kwa kuwa ni mtani wangu akaongeza na jinsi nilivyoshika penseli kama mtoto, hadi mke wangu akatabasamu. Akamwambia na zile "bado" tatu. Alitaka kunisifu.

Mwanahawa aliacha kutabasamu. Akaweka ndoo chini.

"Uliposema bado," akaniuliza, "ulijua mimi niko pale?"

"Nilijua."

"Zote tatu?"

"Zote."

 Bi. Salome akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Kisha mke wangu akaisogeza ndoo kwa mguu, akashika mkono wangu wa kulia, ule wa penseli, akauweka katikati ya viganja vyake vilivyokuwa bado na chumvi, akaukandamiza kwa nguvu.

"Zamu yako inaisha lini?" akasema. "Nitakusubiri hapa hapa."

Akaketi kwenye benchi, akatusikiliza tukiita meli hadi jioni.